Kabla hujafungua chupa ya dawa ya kohozi, hesabu pumzi za mwanao

Simama kando ya kaunta ya duka lolote la dawa hapa Pwani, iwe Majengo, Likoni, Mtwapa au Malindi, hasa miezi hii ya kusi ambapo mvua imeloanisha nyumba na alfajiri ina kibaridi. Hutangoja sana kabla ya kumsikia mzazi akisema, "Nipe dawa ya kohozi ya mtoto." Muuzaji atauliza mtoto ana umri gani, atanyoosha mkono kwenye rafu, na chupa itawekwa juu ya kaunta. Mzazi atalipa na kwenda zake. Hakuna aliyeuliza mtoto anapumua vipi, ana uzito gani, au ameshapewa nini nyumbani tangu jana.

Mimi si daktari, na makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Lakini ninayoyaeleza hapa si siri. Mengi yamo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na ndiyo wanayofundishwa wauguzi na matabibu wa zahanati zetu. Shida ni kwamba huishia zahanati. Nyumbani tunabaki na chupa, kijiko na ushauri wa jirani. Nikilazimika kulifupisha jambo lote kwa maneno machache, nitasema hivi: kohozi si ugonjwa, na dawa ya chupa si jambo la kwanza. La kwanza ni pumzi.

Kohozi lafanya kazi gani?

Wazee wetu huliita balghamu, na wengi tumelelewa tukiamini kuwa ni uchafu ambao lazima utolewe mwilini kwa nguvu. Ukweli ni kwamba njia ya hewa ya kila mtu, mgonjwa na mzima, ina ute. Ute huo hunasa vumbi, moshi na vijidudu. Chini yake kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo husukuma ute kuelekea kooni pole pole, mchana na usiku. Tunaumeza bila kujua.

Virusi vya mafua vikiingia, mwili huongeza ute huo ukawa mwingi na mzito. Puani tunauita kamasi, kifuani tunauita kohozi. Kukohoa ndiko kunakousukuma nje. Kwa hivyo kikohozi ni kama fagio: ukilivunja fagio wakati taka ingali sakafuni, hujasafisha nyumba.

Mtoto mdogo hajui kutema. Humeza kohozi lake, na mara nyingine akikohoa sana hulitapika pamoja na maziwa. Mzazi akiona ule ute kwenye matapishi hushtuka akadhani mtoto amezidiwa. Mara nyingi si hivyo. Kama baada ya kutapika mtoto anacheza, ananyonya na anapumua vizuri, mwili wake umejisaidia wenyewe.

Jambo jingine linalotutisha ni rangi. Kamasi la kijani au la njano peke yake halimaanishi mtoto anahitaji antibiotiki. Mafua ya kawaida huanza na kamasi jepesi kama maji, kisha likawa zito na kubadilika rangi, kisha likaisha. Kikohozi cha mafua kwa kawaida huchukua siku kumi hivi, na kwa watoto wengine huweza kufika wiki mbili au tatu kabla ya kukatika kabisa. Tena mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, hasa akianza chekechea au chuo. Kama kila mara tutamnunulia chupa, mtoto huyo atakunywa dawa karibu mwaka mzima.

Dakika moja ya kuhesabu

Kinachoua watoto si mafua. Ni nimonia, homa ya mapafu, na mwanzoni hizi mbili hufanana: mtoto ana kikohozi, ana joto, ana kohozi. Mzazi anayebadilisha chupa moja hadi nyingine kwa siku nne anaweza kuwa anazipoteza siku ambazo mtoto angepata tiba ya kweli. Hatari hii ni kubwa kuliko madhara ya dawa yenyewe, na ndiyo sababu naomba kila nyumba ijifunze kuhesabu pumzi.

Mngoje mtoto atulie. Asiwe analia, ananyonya au amemaliza kukimbia. Inua nguo uone kifua na tumbo. Washa saa ya simu na uhesabu kwa dakika moja nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Kila kifua au tumbo linapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, mpaka ni 40. Akifika hapo au kupita, mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 usingoje hata hesabu: akiwa na joto, akikataa kunyonya au akipumua kwa taabu, ni hospitali moja kwa moja.

Tazama pia chini ya mbavu. Mtoto akivuta pumzi na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani badala ya kutanuka, anatumia nguvu nyingi kupata hewa. Zipo na dalili nyingine zisizongoja kesho: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na ni vigumu kumwamsha, anatoa sauti ya kukoroma anapovuta pumzi ilhali ametulia, au midomo imegeuka rangi ya buluu. Mtoto wa namna hii hana haja ya dawa ya kohozi. Ana haja ya hospitali, ikiwezekana iliyo na oksijeni. Na degedege, nasema kwa heshima kwa wakubwa wangu, tusilipeleke kwanza kwa mwenye kutoa dege au pepo. Hospitali kwanza. Dua inasomwa hata njiani.

Yaliyomo ndani ya chupa

Tunasema "dawa ya kohozi" kana kwamba ni dawa moja. Kwenye rafu zimo za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake. Nyingine hupingana ndani ya chupa ile ile.

Kundi la kwanza ni zile za kulainisha kohozi, kama karbosisteini, bromheksini na ambroksoli, au guaifenesini inayokusudiwa kurahisisha kulitoa. Hizi ndizo hasa zinazoitwa dawa za kohozi. Jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba mwaka 2010 Ufaransa ilizuia matumizi ya karbosisteini na asetilisisteini kwa watoto wa chini ya miaka 2. Sababu yake inaeleweka hata na asiyesomea udaktari: njia za hewa za mtoto mchanga ni nyembamba na nguvu yake ya kukohoa ni ndogo. Ukilifanya kohozi kuwa jepesi na jingi ilhali hana uwezo wa kulitoa, unaweza kumzidishia taabu ya kupumua.

Kundi la pili ni zile za kuzuia kikohozi, kama dekstrometorfani na kodeini. Hizi hunyamazisha lile fagio nililolitaja. Kodeini ni ya jamii ya afyuni, na miili ya watoto wengine huigeuza kuwa mofini kwa kasi isiyotabirika, pumzi ikapungua hadi hatari. Marekani na nchi za Ulaya zimeikataza kwa watoto wa chini ya miaka 12. Usimpe mtoto dawa ya kikohozi ya mtu mzima yenye kodeini, hata tone.

Kundi la tatu ni dawa za mzio, kama klorofeniramini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton, na prometazini. Hizi hukausha ute na kuleta usingizi. Prometazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi. Hapa ndipo penye mtego. Mtoto amekohoa usiku kucha, amepewa kijiko, amelala fofofo, na nyumba nzima inashukuru kuwa dawa imefanya kazi. Kumbe kilicholala ni mtoto, si ugonjwa. Tena usingizi wa dawa unaweza kuificha ile dalili ya hatari ya kulegea, kila mtu akadhani anapumzika.

Kundi la nne ni salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa. Ina kazi nzuri kwa mwenye pumu anayepumua kwa mluzi, lakini haisaidii mafua ya kawaida. Hata hivyo imechanganywa katika dawa nyingi za kohozi zinazouzwa madukani. Mtoto akinywa, moyo unaweza kumwenda mbio, mikono ikatetemeka na usingizi ukakatika. Na mwenye pumu hasa husaidiwa zaidi na ile ya kuvuta kwa mdomo kuliko ya kunywa.

Kwa sababu ya haya yote, Uingereza tangu mwaka 2009 inaelekeza kwamba dawa nyingi za kikohozi na mafua za kujinunulia dukani zisipewe watoto wa chini ya miaka 6. Marekani ilitahadharisha mwaka 2008 dhidi ya kuwapa walio chini ya miaka 2, na watengenezaji wenyewe wakaandika kwenye lebo kuwa zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 4. Si kwamba watoto wa huko ni dhaifu kuliko wetu. Walipima faida na madhara, wakaona faida ni ndogo mno.

Sumu iliyojificha ndani ya utamu

Kuna jambo la pili ambalo mzazi wa leo hana budi kulijua. Tarehe 5 Oktoba 2022, WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizotengenezwa India na kupatikana Gambia. Watoto wapatao 70 walifariki huko kwa figo kuacha kufanya kazi. Indonesia nako, kati ya mwaka 2022 na 2023, walikufa watoto zaidi ya 200, na vifo vingine vikaripotiwa Uzbekistan. Mwaka 2025, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, watoto zaidi ya 20 walikufa baada ya kunywa dawa ya kikohozi. Maabara ya serikali iliikuta na sumu kiasi cha asilimia 48.6, ilhali kiwango kinachovumiliwa hakipiti asilimia 0.1.

Sumu yenyewe ni diethilini glaikoli na nduguye ethilini glaikoli, vimiminika vya viwandani vinavyotumika katika mafuta ya breki na maji ya kupoza injini. Huingiaje kwenye dawa? Dawa ya maji huhitaji kimiminika kitamu cha kuyeyushia viungo, kama gliserini. Gliserini safi ya dawa ina bei. Mtu asiyemcha Mungu, au kiwanda kisichopima mali ghafi, huingiza ile ya viwandani iliyo rahisi. Inafanana, ni tamu vile vile, na mzazi hawezi kuitambua kwa kuiangalia wala kuionja.

Hapa nyumbani hatuko kisiwani. Aprili 2024, baada ya Nigeria kutangaza kuwa imekuta sumu hiyo katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Bodi ya Famasia na Sumu, yaani PPB, iliagiza toleo hilo liondolewe madukani Kenya wakati uchunguzi ukifanywa. Huko ndiko kufanya kazi. Lakini agizo kama hilo linamsaidia tu mzazi anayeweza kujua chupa yake ni ya toleo gani. Ukitupa boksi siku ya kwanza na lebo ikilowa ikafutika, hutajua.

Silengi kumtia mtu hofu ya kila chupa. Nyingi zilizosajiliwa ni salama. Nasema tu kwamba kila kijiko kina uzito wake, na kijiko ambacho mtoto hakukihitaji hakina cha kukitetea. Na kama mtoto aliyekunywa dawa ya maji ameacha kukojoa au anakojoa kidogo mno, anatapika, analalamika tumbo au amekuwa mzito wa kuamka, acha dawa hiyo, beba chupa pamoja na boksi lake, na mkimbilie hospitali.

Ukiambiwa ampe, mpe kwa kipimo

Kuna wakati daktari au tabibu atamwona mtoto na kumwandikia dawa. Hapo sheria ni za kawaida, lakini ndizo tunazozivunja kila siku.

Kwanza, kijiko cha jikoni si kipimo. Tunasema kijiko cha chai ni mililita 5 na cha kulia wali ni 15, lakini fungua droo yako uone: hakuna viwili vinavyolingana. Tumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au bora zaidi bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo duka la dawa litakuuzia kwa bei ndogo. Lijaze hadi kwenye mstari, kisha mpe mtoto kando ya shavu akiwa ameketi, pole pole, asije akapaliwa.

Pili, hakikisha umeelewa maandishi. Ukiona "5x3" kwenye boksi, maana yake ni mililita 5 mara tatu kwa siku, si vijiko vitano. Na tuwe waangalifu na saa zetu za Kiswahili. Mtu akisema "kila saa nane", anakusudia kila baada ya muda wa saa nane, si saa nane mchana na saa nane usiku. Muulize muuzaji akutajie saa zenyewe: asubuhi saa ngapi, mchana saa ngapi, usiku saa ngapi.

Tatu, angalia isije dawa moja ikaingia mara mbili. Parasetamoli imo katika dawa ya homa, na imo pia katika dawa nyingi za mafua. Mtoto akipewa zote mbili, ini lake ndilo litakalolipa. Parasetamoli haipaswi kuzidi mara nne kwa saa 24, na kipimo hufuata uzito wa mtoto. Tena ile ya matone ya watoto wachanga huwa kali zaidi kwa kila mililita kuliko ya chupa ya kawaida, kwa hivyo usitumie kipimo cha moja kwa nyingine.

Nne, nyumba zetu zina watu wengi, alhamdulillahi. Mama ametoa dawa asubuhi akaenda kazini, nyanya hakuambiwa akatoa tena, shangazi akaja mchana akamwonea huruma akamwongeza. Kila mmoja ana nia njema. Bandikeni karatasi mlangoni mwa friji au ukutani, na kila anayetoa dawa aandike saa na kiasi. Yule ambaye hajaandika, hajatoa.

Tano, dawa ya mtu mzima haigawanywi nusu ikawa ya mtoto, na dawa ya mtoto mmoja si ya nduguye. Antibiotiki iliyobaki mwezi uliopita haitunzwi kwa ajili ya kikohozi cha mwezi huu. Antibiotiki haiui virusi vya mafua. Ikiwa mtoto amepatikana na nimonia, mara nyingi zahanati itampa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo. Hivyo apewe siku zote alizoandikiwa, hata akipata nafuu siku ya pili.

Mwisho, joto letu la Pwani haliipendi dawa. Usiiache dirishani juani wala ndani ya gari. Ifungie juu, mbali na watoto, na usimbembeleze mtoto kwa kumwambia ni sharubati. Ataiamini kauli yako siku ambayo hupo.

Mambo ya nyumbani yanayosaidia, na yanayodhuru

Mtoto mwenye mafua anahitaji maji kuliko dawa. Anayenyonya, aongezewe ziwa, kidogo kidogo na mara nyingi. Mkubwa apewe maji, supu, uji mwepesi. Maji ndiyo yanayolainisha kohozi bila madhara.

Pua ikiziba, mtoto mchanga hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Chukua kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, mtie tone moja au mawili kila tundu la pua, kisha mpanguse kamasi linalolegea. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha na kabla ya kulala, na utengeneze maji mapya kila siku.

Asali ina heshima kubwa kwetu. Imetajwa katika Surat An-Nahl kuwa ina ponya ndani yake. Nayo sayansi inakubali kuwa inapunguza kikohozi cha usiku kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja: nusu kijiko cha chai au kijiko kimoja kabla ya kulala chatosha. Lakini chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholeta ugonjwa wa kupooza kwa watoto wachanga ambao matumbo yao hayajakomaa. Hata kwenye tahniki, sunna inayojulikana ni tende.

Moshi tuupunguze. Nazungumzia kuni, makaa na sigara, na pia dawa ya mbu ya kuchoma chumbani. Na kwa kina mama wa Lamu, Mombasa na kwingineko, nazungumzia udi na ubani. Najua harufu ile ni fahari ya nyumba na nguo za mzazi wa arubaini hazikai bila kufukizwa. Lakini mapafu ya mchanga hayajui tofauti ya moshi wa udi na moshi wa kuni. Fukizeni nguo na chumba mtoto akiwa kwingine, na mfungue madirisha kabla ya kumrudisha.

Yapo pia ya kuacha. Samli au mafuta ya nazi yasitiwe puani mwa mtoto. Yakishuka mapafuni yanaleta nimonia ya aina yake. Mafuta ya taa yasiguse kinywa cha mtoto kwa sababu yoyote. Kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria ya maji moto kumewaunguza wengi. Marashi ya kifua yenye kafuri yasitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2, wala yasipakwe ndani ya pua ya yeyote. Na kukata kimio hakutibu kikohozi. Kunaleta damu isiyokatika na maambukizi, na mtoto anarudi na kikohozi kile kile pamoja na kidonda.

Kikohozi kinachogoma

Kikohozi kikipita wiki mbili bila kupungua, mpeleke mtoto akapimwe. Kinaweza kuwa pumu, kifaduro au kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu, au mtoto amepungua uzito na kutoka jasho usiku. Kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akiwa anakula njugu au akichezea shanga ni jambo jingine: huenda kitu kimekwama kwenye njia ya hewa, na hakuna dawa ya maji itakayokitoa.

Angalieni pia kijitabu cha kliniki. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zinamkinga mtoto na kifaduro na aina kubwa za nimonia. Ile ya nimokokasi imekuwa ikitolewa Kenya tangu mwaka 2011, bila malipo katika vituo vya serikali. Hakuna chupa yoyote dukani inayomkinga mtoto kiasi hicho.

Na ukilazimika kwenda dukani, nenda lenye leseni ya PPB ukutani, na uulize maswali manne kabla ya kulipa: Ndani mna dawa gani? Yafaa umri na uzito wa mwanangu? Ampewe mililita ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Dalili gani zitanifanya niiache? Muuzaji mwenye ujuzi atakujibu kwa utulivu, na mara nyingine atakwambia mtoto hahitaji kitu. Huyo mshike. Anayekasirika kwa kuulizwa, rudisha pesa zako mfukoni uende duka jingine.

Kuna kazi moja ndogo ambayo yeyote anaweza kuifanya leo usiku, mtoto akiwa mzima na amelala vizuri. Keti kando yake, washa saa ya simu, umhesabu pumzi kwa dakika moja. Liandike jibu kwenye kijitabu chake cha kliniki. Kisha mwonyeshe nyanya na dada wa nyumbani namna ulivyofanya, ili siku ambayo wewe hupo, Mungu aiepushe, wajue wenyewe kuwa pumzi zimebadilika.